Anageuka Akiitwa

Kijiji cha Wahamiaji, Kitongoji cha Tatu, Kalimantan
17 Novemba 1986

Dada Warsini,

Kwanza napiga magoti mbele yako, ingawa bahari iko katikati na magoti yangu yamejaa tope. Tumefika. Siku tano melini, siku mbili kwenye lori, na sasa tuna nyumba ya mbao namba 214 ambayo choo chake bado hakijachimbwa. Mume wangu Paryono anachota udongo, anaunusa kama mzee anayenunua tumbaku, kisha ananiambia hapa hatutakula makopa tena. Mimi namjibu ndiyo, ndiyo, lakini sijamsikiliza.

Dada, homa imeshuka? Nijibu hilo kwanza, mengine yangoje. Kila nikifumba macho namwona yule karani wa afya bandarini Semarang akimgusa Ratna shingoni na kusema mtoto mwenye homa hapandi, na familia ikibaki jina lake linafutwa kwenye orodha ya serikali ya wahamiaji. Wewe ulikuja kutuaga tu, maskini, na mfuko wako wa karanga. Ukarudi nyumbani na mtoto wangu kwenye mbeleko. Fundo nililifunga mimi kwa mikono yangu, halafu nikapanda ngazi bila kugeuka, maana ningegeuka nisingepanda.

Maziwa bado yanatoka. Nayakamulia kwenye bakuli na kuyamwaga nyuma ya nyumba. Usinicheke.

Wanasema meli nyingine inakuja Februari. Mlete mwenyewe. Miezi mitatu tu, dada.

Mdogo wako,
Sukarti

*

Karanglo, Wonogiri
20 Desemba 1986

Karti wa dada,

Kulia hujaacha tu! Ulizaliwa unalia, ukaolewa unalia, sasa unalilia Kalimantan nzima. Pangusa kamasi usome.

Homa ilishuka siku ya kumi na moja. Siku ya tisa ilikuwa mbaya, shingo imekakamaa, macho yamepinduka, nami sitaki kuikumbuka. Mganga wetu Mzee Karso alikuja, akamtazama, akaniuliza anaitwa nani. Nikamwambia Dewi Ratnaningrum. Mzee akacheka kwa huzuni. "Jina la binti wa ikulu mmemtwika mtoto wa mkulima wa mihogo. Litamvunja mgongo." Unajua mwenyewe, jina likiwa zito mtoto haishi kuugua. Nikapika uji mwekundu na uji mweupe, nikaita majirani, na kabla bakuli hazijakauka akawa na jina jipya: Wilujeng. Jina la salama, jepesi, halina makuu. Siku mbili baadaye homa ikaisha. Sasa niambie nilifanya vibaya.

Na nina habari nyingine. Mama Lurah, mke wa mkuu wa kijiji, amenichagua kuwa msaidizi wa mizani! Kila mwezi tunawatundika watoto kwenye mizani kama mabuzi, wanapiga kelele, tunaandika uzito. Tumefundishwa pia siku tatu mjini jinsi mtoto anavyokua akili, na kila mtoto ana kadi yenye vijisanduku vya kuwekea alama ya vema. Wilujeng wa miezi kumi: anakaa bila kuegemea, vema. Anamlilia mgeni, vema kubwa, maana alimng'ata muuguzi. Anatafuta kitu kilichofichwa chini ya kitambaa, vema. Hili la mwisho ndilo lilinifurahisha. Nilificha kijiko, akafunua kitambaa akanitazama kama mtu aliyekamata mwizi. Mwalimu wetu anasema hapo mtoto ameshaelewa kwamba kisichoonekana bado kipo. Basi nawe bado upo, Karti.

Kijisanduku kimoja kilinipa shida kidogo: "Anageuka akiitwa jina." Hageuki. Lakini atageukaje, jina lenyewe lina majuma matatu? Wasaidizi wote walikubaliana nami. Nikaweka vema.

Dada yako,
Warsini

*

Kitongoji cha Tatu
8 Machi 1987

Dada,

Meli ya Februari haikuja. Ofisini wanasema mwakani, na aliyesema hivyo hakuinua hata uso.

Jina jipya nalifanyia mazoezi. Nikienda kisimani naita, "Wilujeng! Wilujeng!" Jirani yangu, mama mmoja wa kabila la Wasunda, mwenye mdomo, ananiuliza, "Umepoteza kuku?" Nikamwambia nimepoteza zaidi ya kuku. Akaingia kwake, akaniletea mchicha.

Ndani ya furushi hili kuna kaseti. Mwenye duka ana redio ya kurekodia, akaniruhusu. Nimemwimbia mtoto nyimbo za kulalia zile za mama, upande wa kwanza wote. Upande wa pili nimeongea tu. Mwekee kila akilala, asije akanisahau sauti. Sura atasahau, hilo nimelikubali. Sauti sitaki.

Sukarti

*

Karanglo
2 Juni 1987

Karti,

Kaseti imefika. Nimeazima redio kwa Mzee Karso, na betri nanunua mwenyewe, usiulize. Mwanao analala nayo kila siku. Huikumbatia redio kabisa. Nikiizima anafungua macho na kunikasirikia.

Anatembea! Miezi kumi na tano, pekupeku, anamfukuza bata. Bado anakuwa mgumu kuitikia jina, mkaidi kama babake. Mama Lurah anasema wanaobadilishwa jina huchelewa, yeye mwenyewe ana mpwa wa namna hiyo.

Warsini

*

Karanglo
20 Mei 1988
(Barua hii haikutumwa.)

Karti, mdogo wangu,

Sijui nianze wapi, basi naanza na Idd.

Asubuhi ya Idd vijana walilipua mzinga wa mianzi nyuma ya jiko letu. Kuku waliruka hadi paani. Mimi nilidondosha sinia nzima ya vitumbua na kupiga ukelele. Wilujeng alikuwa amekaa kizingitini, ameupa mgongo ule mzinga, anamenya ndizi. Aliendelea kumenya ndizi.

Niliingia ndani nikachukua mifuniko miwili ya sufuria. Nikasimama nyuma yake nikaigonga. Nikagonga tena. Niligonga mpaka majirani wakaja kuuliza nimepatwa na nini. Mtoto aligeuka pale kivuli changu kilipomfikia mguuni, akanichekea, akaniletea ndizi.

Karti, hasikii. Nadhani hasikii tangu ile homa. Miezi kumi na minane nimekuwa nikiweka vema. Nilipompigia makofi nyuma yake aligeuka, ndiyo, lakini sakafu yetu ni ya mbao na anausikia mtikisiko wa hatua zangu kwa nyayo. Hana neno hata moja. Majirani wamemsugua mdomo kwa jani la tambuu ili aseme, nami nimewaacha, nikijua nini? Sikujua. Au nilijua. Mimi ndiye ninayewafundisha akina mama wenzangu kwamba miaka hii ya kwanza ndiyo maneno yanapoota kichwani, na kwamba mtoto asiyegeuka apelekwe mjini mapema.

Nikikwambia, utahesabu siku nyuma na utafika bandarini. Utasema ni ile homa uliyomwacha nayo. Hutalala tena maisha yako yote.

*

Karanglo
20 Mei 1988

Karti wa dada,

Idd njema, utusamehe makosa ya mwili na moyo. Wilujeng hajambo, uzito wake unapanda vizuri. Ana maneno karibu ishirini sasa. La kwanza lilikuwa "mama". Anasema pia "bata" na "sitaki", hilo la mwisho mara mia kwa siku, na mwalimu wetu anasema ndivyo ilivyo katika miaka miwili, mtoto anagundua kuwa yeye ni yeye.

Usihangaike na kitu.

Warsini

*

Kitongoji cha Tatu
14 Agosti 1988

Dada yangu mpenzi,

"Sitaki"! Nimecheka mpaka Paryono akatoka shambani. Tumekaa jioni nzima tunaambiana "sitaki" kama wehu.

Nina mimba, miezi mitatu. Kwa hiyo mwaka huu siji, na mwakani nitakuwa na mtoto mchanga. Naomba kitu kimoja tu. Redio unayo. Rekodi sauti yake, dada. Dakika tano. Aseme "mama", aseme "sitaki", hata alie. Nitakushukuru mpaka kaburini.

Sukarti

*

Karanglo
29 Novemba 1988

Karti,

Kaseti hii hapa. Nyuma utasikia jogoo, msamehe. Mtoto anasema "mama" mara tatu, na mwishoni anaimba kidogo.

Betri zimeisha, ndiyo maana kaseti ni fupi.

Warsini

*

Kitongoji cha Tatu
6 Aprili 1989

Dada,

Tumepata mtoto wa kiume, Yanto, kilo tatu na kidogo. Lakini barua hii si yake.

Kaseti nimeisikiliza mpaka naijua kikohozi kwa kikohozi. Watu wa kitongoji kizima wameisikia. Yule jirani Msunda alisema, "Sauti ya huyo mtoto ni ya mtu atakayekuwa kadhi, inaamrisha." Mimi naisikia sauti ya marehemu mama ndani yake, pale anaposema "mama" ya tatu. Hujaisikia wewe? Ile inayopanda mwishoni?

Yanto akilia namwekea sauti ya dada yake, ananyamaza. Atamjua kabla hajamwona.

Sukarti

*

Karanglo
11 Julai 1990

Karti,

Nimechelewa kujibu, mihogo ilitubana. Wilujeng ana miaka minne, mrefu, mwerevu. Anatazama uso wa mtu akajua anachotaka kabla hajasema. Jana nilikuwa nimekasirika na sijamwambia mtu yeyote, akaja akanisugua hapa katikati ya nyusi kwa kidole. Hilo si uongo.

Kaseti nyingine haiwezekani, redio imeharibika.

Warsini

*

Kitongoji cha Tatu
30 Mei 1993

Warsini,

Sikuiti dada. Nimerudi salama kutoka kwako na Yanto na mdogo wake, kwa sababu sasa watoto wangu wako wawili. Hii ndiyo barua yangu ya mwisho, kwa hiyo soma yote.

Miaka saba nilijipangia nitakavyoingia uani kwako. Nilimwambia Paryono akae nyuma na Yanto, aniache niite mimi. Binti yangu alikuwa amechuchumaa kando ya jiko anabangua maharage, kanipa mgongo. Nywele amesukwa vizuri, hilo nakushukuru. Nikaita, "Wilujeng!" Nikadhani nimeita kwa sauti ndogo. Nikaita tena. Halafu nikaita jina nililompa mimi, Ratna, nikaita mpaka kuku wakakimbia, na yule mtoto akachagua harage bovu akalitupa pembeni.

Ulitoka jikoni na mwiko mkononi. Uso wako ndio ulionijulisha. Hukuhitaji kusema.

Yule mtoto wa kwenye kaseti ni nani? Mwanangu wa kiume amelelewa na sauti hiyo. Mimi nimejifungua nikiisikiliza. Nakuuliza ni mtoto wa nani?

Sauti ya mwanangu nimeisikia mara moja tu, siku ya tatu, nilipombeba kumpandisha kwenye lori. Alitoa mlio ambao sitaueleza. Alikung'ang'ania wewe, Warsini, akanisukuma kifuani kwa miguu yote miwili, na watu wa stendi wakanitazama kama mwizi wa watoto. Nikamweka chini. Mara ya pili nimepanda nikamwacha, na mara hii niligeuka.

Usiniandikie tena.

Sukarti

*

Karanglo
25 Juni 1993

Mdogo wangu,

Umenikataza, nami naandika mara moja tu kwa sababu umeniuliza swali. Ni Endang, binti wa Ponirah jirani. Nilimpa pipi tatu. Aliposema "mama" alikuwa anamwita mama yake aliyekuwa anapita barabarani, ndiyo maana inapanda mwishoni.

Sijitetei. Nilimpeleka mjini akiwa na miaka minne, nikakuficha hilo pia. Daktari alinionyesha picha ya sikio akaniambia ni homa, kisha akaniuliza, "Mbona mmechelewa? Hapakuwa na mtu wa mizani kijijini kwenu?" Nilimwambia hapakuwa na mtu. Nilirudi kwa basi nimempakata mwanao, na Jumamosi iliyofuata nikatundika watoto wa wenzangu kwenye mizani nikawawekea vema.

Mwaka huu mwezi wa saba anaingia shule ya viziwi mjini, ya bweni. Wamesema ana umri mkubwa kuanza, ila watajaribu. Kadi yake nimeitunza kwenye kisanduku cha mchele. Siku moja nitakutumia, uone mkono wangu.

Mimi unaweza kunichukia. Yeye mwandikie tu, atajifunza kusoma.

Warsini

*

Shule ya Viziwi, bwenini
3 Februari 2001

Kwa mama Sukarti, Kalimantan,

Mimi ni Wilujeng. Wiki ijayo natimiza miaka kumi na tano. Naandika polepole, mwalimu amesahihisha kidogo, si sana.

Barua zako zote kwangu nimepata. Sikujibu kwa sababu kwanza sikujua kusoma, baadaye nilijua lakini nilikasirika, na sasa sijakasirika leo. Kesho sijui. Mwalimu anasema ni umri.

Mama mkubwa amepooza upande mmoja tangu Desemba. Nilienda nyumbani kumlisha. Akanionyesha kisanduku cha mchele. Humo kuna kadi yangu, barua zako, na barua moja yake ambayo hakuituma. Naifunga hapa. Isome mwenyewe. Nimeisoma mara nyingi. Pale kwenye ndizi huwa nasimama.

Nataka kukuambia mambo matatu halafu nikuombe moja.

La kwanza. Nakumbuka siku uliyokuja. Nilibangua maharage, nikaona kivuli, nikageuka. Kulikuwa na mwanamke getini, mdomo wazi, analia. Nilidhani nimeharibu maharage.

La pili. Mama mkubwa alikuandikia uongo mwingi, lakini kaseti hakudanganya. Nililala nayo kweli. Niliweka tumbo langu kwenye tumbo la redio nayo ilikuwa inatetemeka. Kulikuwa na kutetemeka kwa aina mbili. Upande mmoja ulitetemeka taratibu, sawasawa. Upande wa pili ulikuwa unakatika, unaanza, unakatika. Niliupenda huo wa pili. Sikujua ni mtu. Nilidhani redio ina moyo. Mwaka jana tu mama mkubwa aliniandikia kwenye karatasi: "Yule alikuwa mama yako."

La tatu. Umeandika kwamba sasa una nyumba ya matofali na nije kukaa huko. Siji. Yanto simjui, na huko hakuna mtu wa kuongea naye. Hapa darasani kuongea kwa mikono kunakatazwa, tunatazama midomo ya walimu mpaka kichwa kinauma, lakini bwenini mikono inaruka na tunacheka mpaka matroni anazima taa. Usilie. Nikimaliza shule nitakaa na mama mkubwa kwa sababu mkono wake mmoja hauamki.

Ombi langu: niandikie ulichosema upande wa pili. Maneno yote, na pale palipokatika useme kwa nini.

*

Kitongoji cha Tatu
19 Machi 2001

Mwanangu,

Nimekaa na ombi lako siku nane. Upande wa kwanza nakumbuka wote, ni nyimbo za bibi yako, nimezinakili nyuma ya karatasi hii. Upande wa pili sikumbuki. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mwenye duka anagongagonga saa yake, nami nikawa nalia. Nadhani nilikueleza habari za nyumba. Nadhani nilikuomba msamaha, au labda nilitaka tu kuomba. Nimemuuliza babako kama niliwahi kumwambia, hajui. Kama kaseti ipo bado, iletwe kwangu, nitaisikiliza na kukuandikia kila neno.

Nataka kuja mwezi wa nane. Niambie tu nifikapo getini nikuiteje. Nimekuita kwa majina mawili na yote mawili hayakukufikia.

Barua ya dada nimeisoma. Mwambie nimeisoma. Nitamwandikia mwenyewe, bado sijaweza.

Mama yako

*

Bwenini
22 Aprili 2001

Mama,

Kaseti ipo lakini mkanda umekatika na sehemu yake nyingine imeliwa na mende. Fundi wa redio ametikisa kichwa.

Ukija usiite. Pita mbele yangu, au kanyaga sakafu kwa nguvu, nitageuka.

Hapa bwenini kila mtu ana jina la mkono. Langu ni kidole shavuni, kwa sababu ya kishimo changu. Hilo nikiitwa nageuka hata nikiwa mbali. Mama mkubwa nilimpa jina miaka mingi iliyopita: kidole kinachora vema hewani. Nilipomweleza maana yake alicheka, halafu akageukia ukutani.

Wenzangu waliniuliza, na mama yako anaitwaje? Nilinyanyua mkono nikaushusha. Huna jina. Jina la mkono haliandikwi kwenye barua, hupewa mtu aliyetazamwa muda mrefu, anavyotembea, anavyokula, anavyokasirika. Nimejaribu kukupa moja kwa ile siku ya getini. Nilifungua mdomo, hivi, nikaonyesha machozi. Wakasema hapana, hiyo inamaanisha mtu yeyote.

Wilujeng